Matandiko ya Papa Leonard

Mwezi uliopita, huko Kalembe, nilipewa maziwa katika kikombe cha bati, nami nikayatazama kwanza kabla ya kuyanywa. Niliyazungusha polepole, nikakiinamisha kikombe upande wenye mwanga, nikatafuta ule wekundu mwembamba wa damu ambao haukuwamo. Mama Veronika, aliyenipa maziwa hayo, alikuwa amemzika mumewe, Papa Leonard, juzi yake tu, na macho yake yalikuwa bado yamevimba. Hata hivyo aliniona, akatoa kicheko kifupi puani. "Faustin, mpaka leo?" akasema. "Kunywa, mutoto yangu. Majani ya ile ngombe ninakataka mwenyewe." Nikanywa. Sasa mimi ni mzee, na nimelala katika nyumba nyingi kuliko ninazoweza kuzikumbuka. Nimechimba, nimepika, nimebeba mizigo ya watu na kuchunga mbuzi wao. Lakini tabia ya kutazama ndani ya kikombe niliipata katika nyumba moja, ile ya Leonard na Veronika, kwenye kilima cha Ngungu, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikaa kwao mwaka mmoja, na kwa sehemu kubwa ya mwaka huo sikujua kama mtu aliyekuwa akinikatia ugali ni mwema au ni muuaji.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani; hayo hayakunisaidia wala hayakunizuia. Inatosha kusema kwamba shule ya misioni niliiacha mapema, nikiwa na Kifaransa cha kusalimia na kuomba kazi, na miguu isiyotulia. Nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini nilipopanda kutoka Shasha, kando ya ziwa, na mzigo wa samaki wakavu kwenda kuuza sokoni Ngungu. Kando ya soko palikuwa na nyumba ya matofali, ndiyo dispansere ya ng'ombe, zahanati yao, na dirisha lake lilikuwa wazi. Ndani, mtu mwenye koti jeupe alikuwa ameshika kichupa chembamba chenye maji ya manjano. Akatia matone ya dawa, na yale maji yakageuka buluu mbele ya macho yangu. Niliusahau mzigo kichwani. Mtu yule, ambaye baadaye nilimjua kuwa Anselme, mwuguzi wa ng'ombe, akageuka na kuniuliza, "We muuza samaki, unaangalia nini?" Nikamwuliza kwa nini maji yamebadilika. "Hii ni mikojo ya ngombe. Ikigeuka buluu, iko na damu ndani." Nikasema, lakini mimi sioni damu. "Njo maana tunaweka dawa," akajibu. "Macho yako ingetosha, nani angenilipa?" Nilikaa dirishani mpaka mbwa akaanza kula samaki wangu. Kesho yake nilikuwa naosha vichupa vile, na kwa vile sikuwa na pa kulala, Anselme alinipeleka kwa jirani wa dispansere, Papa Leonard.

Chumba cha kazi cha dispansere kilinukia formoli, dawa ile kali inayozuia nyama isioze, na harufu yake ilinifuata mpaka mezani. Kwenye rafu zilikaa chupa pana zenye vipande vya maini, figo na mapafu, vyeupe kama vilivyochemshwa. Palikuwa na friji ya petroli iliyonguruma kama mzee aliyelala, na hadubini ambayo Daktari mwenyewe tu aliruhusiwa kuigusa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, asiyemwamini mtu. Milango yote aliifunga kwa ufunguo uliotundikwa shingoni mwake, kwa sababu aliamini akigeuza kisogo tutachukua mizoga na kuila. Watu nao hawakumwamini. Walimwita Muganga wa Wafu. "Muganga gani huyu," walisema sokoni, "wagonjwa yake yote imekwisha kufa." Na mimi niliyetoka mlangoni mwake na ndoo yenye damu, walinipisha njia zaidi ya heshima ilivyotaka.

Nyumbani kwa Leonard tulikula jioni mapema, karibu na moto: mateke, yaani magimbi, ya kuchemsha, maharagi, wakati mwingine bugali na mboga ya lengalenga. Leonard alikuwa mkulima wa maharagi, mtu wa sala, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hata hivyo katika nyumba yake maziwa hayakukosekana, kwa sababu ya desturi ya kilima kile. Ng'ombe akizaa, majirani humtandikia: kila nyumba huleta mzigo wa majani mabichi, sakafu ya zizi hutandikwa, na waliotandika hurudi kunywa maziwa, yale ya manjano ya kwanza yakishapita. Ilikuwa heshima. Kumwacha jirani ng'ombe wake alale juu ya matope ni kama kukataa kwenda kwenye msiba wake. Na hakuna aliyetandika kama Leonard. Wengine walileta nyasi, ambazo mwaka hadi mwaka zilizidi kuwa mbali kwa sababu mashamba yalikuwa yamezimeza. Yeye alileta kangaga, yale majani yenye umbo la manyoya ya ndege yanayoota pale msitu ulipochomwa, na ambayo yalijaa upande wa juu wa shamba lake. Kangaga ni laini, haina miiba, na watu walisema inafukuza kupe. Punde wengine nao wakaanza kumwiga. "Kitanda ya mutoto wa mufalme," Leonard alisema akitua mzigo wake, na huo ndio utani pekee niliowahi kumsikia akiutoa.

Kiangazi cha mwaka ule kilianza mapema na kikakataa kuisha. Ng'ombe wa kwanza kufa alikuwa wa Papa Bernard, mtu mwenye zizi kubwa kuliko wote kilimani na sauti inayolingana nalo. Alitoka damu puani na kwenye mavi, homa ikamshika, akaanguka. Wa pili alikuwa wa jirani yake. Daktari aliogopa kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu. Alichukua damu kidogo ya sikio, akaitazama kwenye hadubini kutwa nzima, hakuona alichokitafuta, lakini kutokuona hakukumtuliza. Akaamuru mizoga ichomwe pamoja na ngozi zake, na ng'ombe wote wafungwe mazizini, asitoke hata mmoja malishoni. Watu walinung'unika. Ngozi ndiyo ushahidi wa mtu aliyekopeshwa ng'ombe kwamba kweli amekufa na hakuuzwa. Sasa ushahidi uligeuka moshi. Lakini walitii, wakafunga mazizi, na kwa kuwa ng'ombe sasa walilala na kuamka palepale, majirani walitandika mara nyingi zaidi. Leonard alishinda njiani na mundu wake. Majuma machache baadaye ng'ombe wakaanza kufa kweli.

Nakumbuka jinsi maneno yalivyoanza, maana nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete nikiosha ndoo, na wanawake wawili walipita na mitungi. "Ile zizi ya Bernard, nani alitandika?" mmoja akauliza. "Si unamujua." "Na ile ingine?" "Yeye tena." Wa kwanza akahamisha mtungi wake, kisha: "Muntu hana ngombe, kila siku iko mu zizi ya wengine. Anatafuta nini?" Basi. Maneno kama hayo hayahitaji kusemwa mara mbili. Jioni ile nilimtazama Leonard akinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, akausugua na mundu wake. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila siku, lakini siku ile ndipo nilipoona. Veronika akanipa maziwa, nami kwa mara ya kwanza nikaangalia ndani ya kikombe. Nikasema tumbo linanisumbua. Siku zilizofuata nikawa na tumbo bovu kila jioni, na Veronika akaacha kunijazia.

Juu ya mlango wao palining'inia pembe ndogo ya mbuzi iliyozibwa kwa kitambaa. Alasiri moja, nilipojua wote wako shambani, niliishusha, nikafungua, nikaona unga mweusi, nikauleta karibu na pua. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na nilipofumbua macho Veronika alikuwa amesimama kizingitini na kikapu cha maharagi kichwani. "Unasikia ile sumu?" akaniuliza. Ilikuwa ugoro. Aliichukua pembe mkononi mwangu, akaitundika tena. "Ukitaka kujua kitu ya nyumba hii, uliza mbele ya kula, chakula isipoe." Nilitamani ardhi inimeze, lakini ukweli ni kwamba ugoro ule haukuniponya shaka yangu. Nilijiambia tu kwamba mwenye akili haweki sumu yake juu ya mlango.

Kabla mwezi haujaisha, mkubwa wa kilima aliwakusanya watu. Bernard alisema hadharani yale yaliyosemwa kwenye mitungi. Leonard akaulizwa. "Nilitandika," akajibu. "Kama siku zote. Bernard, we mwenyewe uliniita." "Nilikuita utandike, sikukuita uue," Bernard akasema. Uamuzi ukatolewa: kama ng'ombe wataendelea kufa mpaka mvua ya kupanda maharagi, Leonard ataondoka kilimani na mke wake, na shamba litapewa mwingine. Tangu siku hiyo kila mzoga ulikuwa hatua ya Leonard kuelekea njiani.

Daktari, alipokuwa na hakika kwamba si kimeta, alianza kupasua. Mimi nilishika miguu na ndoo. Ndani ya mzoga kila kitu kilikuwa na madoa ya damu, kama mtu aliyenyunyiza kwa ncha za vidole: moyo, utumbo, mafuta ya figo. Lakini wengu haukuvimba kama unavyovimba kwa kimeta. Daktari alivunja mfupa wa paja kwa shoka, akatoa uboho, na badala ya kuwa mwekundu ulikuwa umepauka kama mafuta ya kupikia. Aliutazama kwa muda mrefu. Uani watu walisema, sasa anakula hata mafuta ya mifupa. Kisha akanielekeza kwenye tumbo kubwa, nilifungue na kulisafisha kwa maji. Niliyaosha yaliyokuwamo juu ya chujio, kitu kimoja baada ya kingine, naye akiokota kwa koleo. Nyasi zilikuwa kidogo. Kilichobaki kilikuwa vijiti vyeusi na vipande vya majani vyenye meno kama ya kitana. Akamwuliza Anselme, Anselme akaniuliza mimi, "Hii ni nini?" Nikasema ni kangaga, ya kutandikia. "Ngombe haikulaka kangaga," Anselme akasema kwa uhakika wa mtu aliyekulia nao. Nami nilijua hivyo. Kila mtu alijua hivyo. Ng'ombe aliye huru malishoni huipita kangaga bila kuinusa. Hatukuwa tumefikiria ng'ombe aliyefungwa, mwenye njaa ya kiangazi, anayelala juu ya chakula pekee kilichopo.

Daktari alisema atajaribu. Alinunua ndama dume mwenye afya, akamfunga nyuma ya dispansere, apewe kangaga iliyochanganywa na nyasi kidogo. Habari ilipofika kwa Bernard, alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani. "Kangaga itatoka wapi?" aliuliza. Anselme akasema, popote. "Hapana popote. Leonard asiguse. Na huyu analala kwake," akinielekezea kidevu, "asiguse. Mi njo nitaleta, kutoka upande yangu ya mulima. Mutaona ile ndama itanenepa." Daktari alikubali upesi, nikadhani hata yeye alitaka iwe hivyo. Basi kila asubuhi Bernard, mtu mwenye wachungaji, alishuka na mzigo begani, akautupa mbele ya ndama, akakaa kwenye jiwe akimwangalia akila. Alikagua hata maji. Ndama alipomzoea, akawa anamlamba mkono. "Unaona?" Bernard aliniambia. "Macho yake inangaa. Rafiki yako aanze kufunga vyombo." Na kweli ndama alinenepa, juma baada ya juma, wakati kilimani ng'ombe wengine wawili walikufa na Veronika akaanza kutoa mbegu zake kwenye vibuyu na kuzifunga katika vitambaa vidogo vya safari. Nilisikia tu vitambaa vikichanika ndani ya chumba chao, huku Leonard akiwa ameketi nje, hana pa kutandika, mundu umelazwa kando.

Kila baada ya siku kadhaa Daktari alimtoa ndama damu, naye alinifundisha kusimamisha vichupa kwenye kibao na kungoja. Damu yenye afya huganda, kisha hujikunyata na kuacha maji ya manjano juu yake. Nilipenda kungoja huko. Kilikuwa kitu pekee Ngungu ambacho hakikuweza kusengenya. Asubuhi moja, mawingu yakiwa yameanza kurundikana upande wa ziwa, damu haikujikunyata. Ilikaa pale, nyekundu, laini, imelegea. Nilikiinamisha kichupa mara ya pili. Wakati huohuo Bernard aliingia na mzigo wake, akaniona, akaniuliza ninaangalia nini. Nikakiinua tena kichupa kwenye mwanga. Akazunguka nyuma kwenda kwa ndama. Aliporudi, kiganja chake kilikuwa na damu, kwa kuwa ndama alikuwa amemlamba kama kawaida, na pua ilikuwa inavuja. Bernard alikitazama kiganja chake upande huu na upande ule. "Basi na mimi ni mulozi," akasema, kama mchawi anayeungama. Aliketi juu ya mzigo wa kangaga alioleta mwenyewe, na koti lake la kanisani, mpaka Anselme alipomwinua.

Ndama alikufa kabla ya mkutano wa kuamua juu ya Leonard. Watu walijaa uani, na Daktari alisema kwa Kifaransa huku Anselme akitafsiri: hakuna sumu iliyotiwa, kangaga yenyewe ndiyo sumu, inakusanyika mwilini polepole, asitandikiwe tena ng'ombe yeyote kwa kangaga. Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Hata mi nilileta." Mwingine akasema, "Mama yangu pia alileta." Daktari akaongeza sentensi moja fupi, uso umeshuka, na hiyo hata Kifaransa changu kiliifikia: kwamba ni yeye aliyeamuru ng'ombe wafungwe. Nilimgeukia Anselme. Anselme aliwaambia watu, "Daktari anawapa pole." Baadaye, tukifunga madirisha, nilimwuliza kwa nini hakuitafsiri. Alikuwa akifuta hadubini, kwa mara ya kwanza akiwa ameruhusiwa. "Muzungu akianguka mbele ya batu," akasema, "dispansere inaanguka na yeye. Na kesho ngombe yao itatibiwa na nani, na wewe?" Nikafunga dirisha la mwisho.

Jioni nilimwambia Leonard mezani, kabla ya kula kama nilivyofundishwa. Nilimwambia Mzungu mwenyewe alisema amri yake ndiyo iliyowafunga ng'ombe na njaa yao. Nilitarajia afurahi, au akasirike, au aende kumwambia mkubwa wa kilima, ambaye mchana ule alikuwa amemwachia shamba lake. Leonard alimega teke, akalichovya kwenye chumvi. "Alifunga, ndiyo," akasema. "Lakini kangaga nilibeba na mabega hii. Nilikuwa ninachagua ile laini." Veronika akamjazia maziwa aliyoyanunua sokoni. Wote wawili wakanitazama. Nikanyosha kikombe changu nami nikanywa, na nikanywa chote. Ila kwanza nilikiinamisha kidogo upande wa moto, na waliona.

Mvua ilikuja, ng'ombe wakafunguliwa, vifo vikakoma. Ungedhani kilima kingerudi kuwa kilima. Mwezi huo ng'ombe wa Bernard alizaa, nami nilipita kuona. Zizi lilikuwa limetandikwa nyasi chache alizokata mwana wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyeleta mzigo, na mlangoni palikuwa na fito mbili zilizofungwa msalaba ili asiingie mtu. Bernard alikuwa amesimama nyuma ya fito hizo. Hakuwa na kiburi tena, ila macho yake yaliangalia mikono yangu kabla ya uso wangu. Ikawa hivyo kila mahali. Aliyepata ndama alimficha. Aliyealikwa hakwenda, asije akalaumiwa. Leonard hakufukuzwa na mtu. Alikaa mpaka mavuno ya maharagi, akingoja aitwe kutandika, kwa nyasi, kwa majani ya migomba, kwa chochote watakachotaka, na hakuitwa. Ndipo yeye na Veronika walipovifungua tena vile vitambaa vya mbegu na kuvifunga upya, wakashika njia ya Kalembe. Niliwabebea vyungu siku nzima ya kwanza, kisha nikashika njia yangu. Anselme aliniahidi kunifundisha hadubini nikibaki. Nilitaka sana, lakini sikuweza tena kukaa kwenye kilima ambacho kila mtu alinusa kikombe chake.

Huko Kalembe, nilipomaliza maziwa, majirani walianza kufika kwa ajili ya matanga. Kila nyumba ilileta mzigo wa majani ya kutandika uani, ili waombolezaji wapate pa kukaa, kama wafanyavyo watu kila mahali. Mizigo ililundikana kando ya mlango. Wanawake walitaka kuifungua, Mama Veronika akawaomba wangoje. Alikaa chini kwa shida, akavuta mzigo wa kwanza miguuni, akaanza kupitisha vidole ndani yake, shina baada ya shina, akiweka nyasi kulia, na kushoto akiacha nafasi ya majani yenye meno ya kitana. Mwanamke mmoja kijana akamwambia kwa upole, "Mama, hii ni ya batu kukalia. Haiko ya ngombe." "Ninajua," Veronika akasema, wala mikono yake haikusimama. Wale waliokuwa wameleta mizigo walibaki wamesimama, wakitazamana, hawajui kama wametukanwa. Niliweka kikombe chini, nikakaa kando yake, nikavuta mzigo wa pili.